Nani Alikuambia? Mwongozo wa Kuandika Wasifu wa Mwandishi wa Riwaya

Tangu nianze kuwasaidia vijana wanaoandika hapa Dodoma, maswali ninayopata ni yale yale. Nianzie kuzaliwa au kifo? Familia ikikataa nifanyeje? Barua zake naruhusiwa kuzitumia? Wengi huja wakiwa wameshachagua mtu wao, na wameshajaza kurasa kumi za sifa kabla ya kuzungumza na mtu hata mmoja aliyemfahamu. Nayajibu yote hapa, kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wasifu ninaouzungumzia si ule unaoambatanishwa na barua ya kuomba kazi, wala si ule unaosomwa msibani. Ule wa msibani sote tunaujua: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaugua kwa muda mrefu, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wawili. Unasomwa dakika tano watu wakiwa juani, na hakuna anayenyanyua mkono kuuliza. Una heshima yake. Lakini hata ukiurefusha mpaka kurasa mia mbili, haugeuki kuwa kitabu. Kitabu cha maisha ya mtu kinasimama juu ya swali ambalo msibani haliulizwi: nani alikuambia? Kila sentensi utakayoandika iwe na mwenyewe, awe mtu, barua, faili au gazeti. Isiyo na mwenyewe itoke.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Riwaya zake zote. Mbili ulizosomeshwa shuleni hazitoshi.
- Madaftari matatu yenye jalada gumu: la tarehe, la watu, na la maswali.
- Simu inayorekodi vizuri, pawabenki iliyojaa, na flashi ya kunakilia. Nakala moja ya sauti ni sawa na kutokuwa nayo.
- Barua ya utambulisho kutoka chuo chako, mwajiri wako au serikali ya mtaa unakoishi. Bila barua hiyo utarudishwa mlangoni kwenye ofisi nyingi, na vijijini mtendaji ana haki ya kutaka kujua unamhoji nani na kwa nini.
- Nauli na muda. Kama una kazi ya kuajiriwa na unaandika jioni na mwisho wa wiki, jipangie miaka miwili au mitatu. Anayekuambia miezi mitatu anazungumzia ule wa msibani.

Hatua ya 1: Chagua mtu unayeweza kumfikia

Kumfikia maana yake ni kuzifikia karatasi zake na watu wake. Umaarufu usikuongoze peke yake. Mwandishi mkubwa ambaye watu wake wote wako visiwani au ughaibuni atakumaliza nauli kabla ya sura ya pili.

Halafu hulazimiki kuandika maisha yote. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaokoa wanaoanza. Shaaban Robert ni mtoto wa Tanga, na wengi wanamjua kwa pwani tu. Lakini kati ya 1944 na 1946 alifanya kazi katika idara ya mifugo Mpwapwa, humuhumu mkoani kwetu. Miaka hiyo miwili ni kitabu kidogo kinachomsubiri mtu wa Dodoma mwenye bidii. Ukitaka mtu wa nyumbani kabisa, yupo Mathias Mnyampala, aliyeishi kati ya 1917 na 1969. Anafahamika zaidi kwa ushairi na ngonjera, lakini aliandika pia hadithi na historia ya Wagogo.

Hatua ya 2: Soma kazi zake zote, penseli mkononi

Zisome kwa kufuata mwaka wa kuchapishwa. Weka alama kila panapotajwa mahali halisi, kazi halisi, ugonjwa, safari au tukio la historia. Alama hizo ni maswali ya kwenda kuuliza. Majibu utayapata kwa watu na kwenye karatasi.

*Onyo la kwanza:* mhusika si mwandishi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na Rosa Mistika, riwaya yake iliyotoka 1971, ina watu wa Ukerewe ndani yake. Nimewahi kusoma rasimu ya kijana mmoja aliyetaka kueleza malezi ya Kezilahabi kwa kumtumia Zakaria, yule baba mlevi wa riwayani. Nani alimwambia? Hakuna. Mwandishi hukopa kisiwa, njia na lafudhi ya watu wake, kisha akatunga. Ukihamisha ulevi wa Zakaria ukamvika mzee aliyeishi kweli, umemzulia mtu asiyeweza kujitetea.

*Onyo la pili:* mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kuandikwa. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, lakini Kufikirika ilitoka 1967 na Utubora Mkulima 1968. Ukipanga maisha yake kwa kutazama ukurasa wa mchapishaji pekee, utakuwa na mtu anayeandika akiwa kaburini. Miswada hukaa miaka kwenye droo za wachapishaji, na mara nyingine habari ya kukaa huko ni sura nzima.

Hatua ya 3: Fungua daftari la tarehe

Chora safu nne: tarehe, tukio, nani alisema, na kiasi cha uhakika. Kwenye safu ya mwisho tumia maneno matatu tu: *hakika*, *yaelekea*, *inasemekana*. Jaza daftari hili kila siku ya kazi, hata kama ni mstari mmoja.

Taabu itaanza pale wazee wasipotaja miaka. Usikate tamaa, maana wana kalenda yao na ni nzuri. Hapa Ugogo njaa zina majina. Ukiambiwa babu wa mwandishi alihama wakati wa Mtunya, hiyo ni njaa kuu ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, kati ya 1917 na 1920. Mtu akisema alizaliwa Wazungu wa karanga, wale wa mradi mkubwa wa kilimo cha karanga, walipoingia Kongwa, uko 1947 au karibu na hapo. "Tulipohamishiwa vijijini" kwa watu wa Dodoma ni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Mvua za El Niño ni 1997 kuingia 1998. Ajali ya treni ya Igandu ni Juni 2002. Andika orodha yako kwenye jalada la ndani la daftari, kisha uliza hivi: "Bibi, siku ile alipoondoka kwenda shule, mlikuwa mmeshahamia kijiji kipya au bado?" Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mwaka anaokubahatishia ili akufurahishe.

Tarehe ya 1 Januari iulize mara mbili, kwa mtu yeyote. Wako waliozaliwa siku hiyo kweli. Lakini wengi wa vizazi vya zamani walipewa siku ya kuzaliwa mezani, na mwalimu au karani aliyetaka kujaza fomu. Shaaban Robert mwenyewe vitabu vinamwandika 1 Januari 1909. Sisemi si kweli. Nasema mwandishi wa wasifu anatakiwa kutafuta tarehe hiyo iliandikwa kwanza wapi, na nani.

Na majina nayo yachunguze. Wanafunzi wengi wakikutana na jina Robert hudhani mwandishi huyo alikuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, Robert ni jina la baba yake. Kosa dogo namna hiyo likiingia kwenye ukurasa wa kwanza, msomaji anayejua hatakuamini tena ukurasa wa hamsini.

Hatua ya 4: Nenda kwa wazee kabla ya maktaba

Vitabu vya maktaba vitakuwepo mwakani. Mzee wa miaka themanini na mitano huna uhakika naye. Kwa hiyo hata kama hujamaliza kusoma, mara tu unapopata jina la mtu aliyesoma naye, aliyefanya naye kazi au aliyemlea, funga safari.

Namna ya kwenda ni hii. Tuma neno mapema kupitia mtoto au mjukuu wake. Ukifika, pitia kwa mtendaji au mwenyekiti, onyesha barua yako. Chukua sukari, majani ya chai na sabuni; si malipo, ni adabu ya mgeni. Fedha usitoe kabla ya mazungumzo, kwa sababu ukishalipa utaambiwa unachotaka kusikia. Salimia kwa utaratibu: shikamoo kwanza, na kama uko Ugogo na unajua "mbukwenyi", itumie. Siku ya kwanza usitoe simu. Kaa, kunywa chai, jibu wewe maswali yao: wewe ni mtoto wa nani, umeoa, unatoka wapi. Kurekodi omba siku ya pili, na ruhusa yenyewe irekodi ikitamkwa.

Maswali yawe ya vitu. "Alikuwa mtu wa namna gani?" hujibiwa "alikuwa mtu mzuri sana", na hapo umekwama. Uliza: Alikuwa akiandikia wapi? Meza ilikuwa ya nani? Taa ya chemli au umeme? Kalamu au taipureta? Nani alikuwa anamsomea rasimu? Watoto wakipiga kelele alifanyaje? Alikuwa akivaa nini siku ya Ijumaa au Jumapili? Mzee anayekumbuka taa atakumbuka na usiku, na akikumbuka usiku atakuambia na ugomvi uliotokea usiku huo.

Nina jambo linaloniuma hadi leo. Miaka ya nyuma nilikwenda kijiji kimoja upande wa Mvumi kumwona bibi aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mwandishi niliyekuwa nikimfuatilia. Tulikaa nje, chini ya mwarobaini, mwezi wa Julai. Alizungumza saa mbili, bila kusita, akinionyesha kwa mkono wake jinsi mwandishi yule alivyokuwa akikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati kila alipoitwa kula. Niliporudi mjini na kuweka sauti masikioni, kulikuwa na upepo. Upepo mtupu, na chini yake mnong'ono usioshikika. Nilipanga kurudi baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Alifariki kabla. Ule mkono uliokunja karatasi ndio pekee nilioweza kuuandika, kwa sababu niliuona kwa macho.

Basi: kaeni ndani, au upande wa nyumba usiopigwa na upepo. Weka simu juu ya kitambaa, karibu na msemaji. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Andika mkononi mambo makuu hata kama simu inarekodi. Na usiku uleule, kabla ya kulala, nakili sauti kwenye flashi na uandike kwenye daftari la watu nani alisema nini.

Hatua ya 5: Barua na picha

Barua ndiyo hazina kubwa, kwa sababu iliandikwa siku yenyewe, kabla umaarufu haujaja kubadilisha kumbukumbu. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, na barua zile zilihifadhiwa hata zikachapishwa kuwa kitabu. Hebu fikiria yule ndugu angewashia moto jikoni. Miaka ya Mpwapwa iko katikati ya kipindi hicho, kwa hiyo aliyechagua kazi ile niliyoitaja aanzie hapo.

Familia ikikufungulia sanduku la bati, fanya hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa. Usiondoke na kitu hata kimoja, hata ukiruhusiwa. Piga picha palepale. Tandika shuka jeupe karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi, bila flashi ya kamera. Piga mbele, nyuma, na bahasha, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe na mahali ambavyo mwandishi wa barua huenda hakuviandika. Zirudishe kwa mpangilio uleule ulioukuta. Usigundishe kwa selotepu na usishauri kulaminisha. Selotepu huacha doa la kahawia linalokula karatasi, na kilicholaminishwa hakitoki tena. Mashauri yako kwa familia yawe mepesi: bahasha za kaki, juu ya kabati mbali na sakafu yenye mchwa, na dirisha lisilopitisha vumbi.

Picha, mpe mzee aishike. Muulize mmojammoja kuanzia kushoto, na uandike majina kwenye daftari. Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino.

Hatua ya 6: Maktaba na nyaraka

Anzia hapahapa: maktaba ya mkoa na ile ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa Dar es Salaam, treni ya umeme imerahisisha mambo tangu 2024. Unafika mapema ukapata siku nzima ya kazi. Huko kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwa lugha na fasihi kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Faili za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Kama mwandishi wako alikuwa karani au mwalimu wa serikali enzi za Mwingereza, tafuta jina lake kwenye faili za idara aliyofanyia kazi na kwenye kitabu cha wilaya, kile ambacho maofisa wa Mwingereza waliandikia habari za wilaya yao. Magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza 1923, yana mashairi na barua za wasomaji. Waandishi wengi waliingilia mlango huo.

Ukinakili, andika namba ya faili, ukurasa na tarehe uliyoisoma. Kurudi Dar kwa sababu ya namba moja ni maumivu ya mfukoni.

Hatua ya 7: Haki

Karatasi ya barua ni mali ya aliyeandikiwa. Maneno yaliyo ndani ni mali ya aliyeyaandika, na akifa, ya warithi wake. Kwa hiyo ruhusa ya mwenye sanduku haitoshi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kezilahabi alifariki Januari 2020, hivyo kazi zake zimelindwa kwa muda mrefu ujao. Nukuu fupi zenye kutaja chanzo si tatizo. Sura nzima au barua nzima inahitaji ruhusa ya maandishi. Ukiwa na shaka, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuchapa.

Hatua ya 8: Andika

Usianzie kuzaliwa kama hakuna unachokijua kuhusu siku hiyo. Anzia pale ushahidi wako ulipo mzito, hata kama ni katikati ya maisha. Tazama tofauti:

*"Shaaban Robert, nguli asiyesahaulika, aliipenda sana Mpwapwa na watu wake."*

Nani alikuambia aliipenda?

*"Mwaka 1944 Shaaban Robert, aliyeingia kazi ya forodha mwaka 1926, alihamia Mpwapwa katika idara ya mifugo. Alikuwa na miaka 35."*

Sentensi hizi hazina sifa hata moja, lakini zimeshafungua maswali: mtu wa bahari anafanya nini kwenye nchi ya ng'ombe na vumbi? Hapo ndipo unapoleta barua, faili na mazingira. Futa kila "nguli", "gwiji" na "mahiri" kwenye rasimu, uone kama aya bado imesimama. Ikianguka, ilikuwa imeegemea sifa.

Mambo mazito, kama ulevi, ndoa zilizovunjika au ugomvi na mamlaka, yaandike pale tu yanapogusa kazi yake na una vyanzo viwili visivyotegemeana. Wenye uchungu wa mambo hayo bado wanaishi.

Hatua ya 9: Irudishe kwa wenyewe

Kabla ya kuchapa, rudi kwa kila uliyemhoji umsomee sehemu zake kwa sauti. Wengi hawatasoma kurasa mia mbili, ila watasikiliza nne. Kosa la ukweli lisahihishe. Wakitaka kufuta jambo la kweli kwa sababu tu linachusha, sikiliza, pima, kisha amua wewe. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Ukikwama

*Familia imegawanyika, upande mmoja unakuita na mwingine unakufukuza.* Usiwe mjumbe kati yao. Mwone mkubwa wa ukoo, au shangazi mkubwa, peleka barua yako, na uombe kuzungumza na pande zote mbili kwa siku tofauti. Ulichoambiwa huku usikipeleke kule.

*Watu wawili wanataja miaka tofauti.* Andika yote miwili kwenye daftari, kisha tafuta tukio la kalenda ya wazee lililo karibu. Likikosekana, kwenye kitabu andika yote miwili na utaje nani alisema lipi.

*Kila mtu anakuambia "alikuwa mcha Mungu, mpole".* Unazungumza na watoto na wajukuu tu. Watafute walioshindana naye: mhariri aliyemkatalia mswada, mwalimu mwenzake, jirani waliyegombea mpaka.

*Umepata maneno matamu aliyosema, ila hujui yalitoka wapi.* Usiyatumie. Yaweke kwenye daftari la maswali na tarehe uliyoyapata, na kila unayekutana naye muulize.

*Hakuna karatasi, sanduku liliungua au lililiwa na mchwa.* Barua alizoandikiwa zimepotea, lakini alizoziandika yeye ziko kwa wengine. Orodhesha wote aliowahi kuwaandikia: wachapishaji, wanafunzi wake, shule alizofundisha, padri au sheikh wake, wahariri wa magazeti. Anza na wachapishaji, kwa sababu wao huweka mafaili, na ulizia faili la mswada wa riwaya yake ya kwanza.